UZI: Galoni ipi, debe lipi, dumu lipi? Kubadili vipimo vya zamani vya vimiminika kuwa lita bila kupunjwa

#1 MpimajiTanga

Wakuu, habari za humu.

Swali la "galoni moja ni lita ngapi" halichoki kurudi, na kila likirudi majibu huwa manne: 3.8, 4, 4.5 na 5. Watu hubishana mpaka basi. Majibu yote manne yana mwenyewe. Kinachosahaulika ni kuuliza galoni ya wapi, na ya kitu gani. Tuweke hesabu mahali pamoja, na wenye ujuzi wa rangi, asali, dizeli, dawa za shamba na visima waongezee kila mmoja upande wake.

Naanza na zile zilizowekwa kisheria.

Galoni ya Uingereza ni lita 4.54609. Mzizi wake ni sheria ya vipimo ya mwaka 1824, iliyoifanya kuwa ujazo wa pauni 10 za maji kwenye joto la nyuzi 62 za Farenhaiti. Hii ndiyo iliyotumika huku kwetu wakati wa ukoloni, kwa hiyo karatasi yoyote ya zamani ya Tanganyika, Kenya, Uganda au Zanzibar iliyoandikwa "galoni" isome hivyo.

Galoni ya Marekani ni inchi za ujazo 231, sawa na lita 3.785. Hiyo ilikuwa galoni ya mvinyo ya Waingereza wenyewe tangu enzi za Malkia Anne. Wao waliiacha mwaka 1824, Wamarekani wakabaki nayo.

Galoni ya Uingereza ni kubwa kuliko ya Marekani kwa asilimia 20. Mwisho wa mtego si hapo. Galoni zote mbili zina painti 8, lakini painti ya Uingereza ina wakia (ounce) 20 na ya Marekani ina wakia 16. Ukipiga hesabu:

Painti ya Uingereza = mililita 568. Painti ya Marekani = mililita 473.
Wakia ya ujazo ya Uingereza = mililita 28.41. Wakia ya ujazo ya Marekani = mililita 29.57.

Umeona? Galoni na painti za Uingereza ni kubwa, ila wakia yake ni ndogo. Anayedhani kila cha Uingereza kimezidi kwa asilimia 20 atakosea akifika kwenye wakia. Halafu kuna wakia ya uzito, gramu 28.35, isiyohusiana na ujazo hata kidogo. Kwenye lebo "fl oz" ni wakia ya ujazo. "Oz" peke yake, chunguza kwanza kabla hujapima.

#2 RangiNaBrashi

Mkuu umeanza vizuri. Naongezea galoni ya dukani.

Ukiingia duka la rangi ukasema "nipe galoni", utapewa kopo la lita 4. Si 4.546, si 3.785. Ni lita 4 kamili, imeandikwa kwenye kopo. Kubwa lake ni ndoo ya lita 20, yaani "galoni" tano. Kaskazini mwa Tanzania kopo hilo likiisha rangi linaoshwa, linahamia sokoni kupimia nafaka na maharage, na jina lake ni sado.

Shida hutokea mtu anapochukua maelekezo ya mtandaoni ya Kimarekani yanayosema galoni moja inapaka futi za mraba 400. Futi za mraba 400 ni mita za mraba 37.2. Gawanya kwa 3.785 unapata mita za mraba 9.8 kwa lita, mkono mmoja. Kopo letu la lita 4 litafika mita za mraba 39. Tofauti ni ndogo, lakini kwenye nyumba nzima inaanza kuonekana. Ushauri wangu: badilisha kila kitu kiwe "mita za mraba kwa lita", neno galoni liache mlangoni.

#3 MtungiWaMvita

Wakubwa, na hizi galoni za plastiki je? Huku Mombasa mtu akisema galoni anaweza kumaanisha kile kidumu cha lita 5 cha mafuta ya kupikia. Na debe ni lita 18 au 20? Kila muuzaji ana lake.

#4 MpimajiTanga

Kidumu cha lita 5 ni lita 5. Jina "galoni" pale ni jina la chombo, si kipimo. Ndiyo jibu la nne kwenye yale manne niliyotaja.

Debe linahitaji maelezo. Debe ni kopo la bati la mafuta ya taa. Yalikuwepo ya aina mbili. La Kiingereza lilikuwa galoni 4 za Uingereza: 4 × 4.546 = lita 18.18. La Kimarekani lilikuwa galoni 5 za Marekani: 5 × 3.785 = lita 18.93, na yalisafirishwa mawili mawili ndani ya sanduku la mbao. Ukiyaweka kando kwa kando huwezi kuyatofautisha kwa macho, na tofauti yake ni karibu robo tatu ya lita.

Kwa hiyo debe la bati ni lita 18 na kidogo. Leo wengi wanaliita "debe" hata ndoo ya plastiki ya lita 20. Kati ya 18.18 na 20 kuna lita 1.82, yaani muuzaji anayekupa la bati kwa bei ya ndoo amekukata asilimia 9. Ukinunua kumi, umepoteza lita 18, debe zima.

Hapa pia ndipo ubishi wa "pipa ni madebe mangapi" unapoisha. Wazee watakwambia 11, vijana watakwambia 10. Pipa la galoni 44 za Uingereza gawanya kwa debe la galoni 4 unapata 11. Pipa hilo hilo ni lita 200, gawanya kwa ndoo ya lita 20 unapata 10. Wote wamehesabu sawasawa, kila mmoja kwa debe lake.

#5 MtungiWaMvita

Hapo nimekupata kabisa. Na mtungi wa njano wa lita 20, ule wa maji? Wenzetu wa Kongo na Burundi huuita bidoni. Ni 20 kweli?

#6 MpimajiTanga

"20 L" iliyochapwa kwenye plastiki ni ujazo uliokusudiwa, na juu yake mtengenezaji huacha nafasi ya hewa ili mafuta yakipata joto na kupanuka kifuniko kisivuje. Ukilijaza dumu mpaka mdomoni linapita lita 20. Ndiyo maana muuza maji akijaza mpaka mdomoni anakupa zaidi, na muuza mawese akijaza mpaka "begani" huenda amekupa 20 au pungufu. Dumu lililoanikwa juani miaka miwili na kubonyea ubavuni nalo lina habari yake.

Usikisie. Pima hivi:

Pima dumu tupu likiwa kavu, na kifuniko chake, kwenye mizani ya kilo 30 au zaidi. Andika. Jaza maji safi mpaka pale unapojazaga bidhaa. Pima tena. Toa la kwanza kutoka la pili. Kilo zilizobaki ndizo lita, kwa sababu lita 1 ya maji ni kilo 1. Anayetaka uhakika zaidi: kwenye joto la nyuzi 28 za Selisiasi lita 20 za maji zina kilo 19.92, kwa hiyo kosa ni gramu 80, kama glasi ndogo isiyojaa. Kisha chora mstari kwa kalamu isiyofutika pale lita 20 zinapoishia. Dumu lenye mstari ni kipimo. Lisilo na mstari ni chombo tu.

Ila usifanye biashara na dumu ulilochora mwenyewe. Kwa Tanzania kipimo cha kuuzia kinatakiwa kihakikiwe na kupigwa chapa na Wakala wa Vipimo. Mstari wako ni wa kujilinda unaponunua.

#7 MfugaNyuki

Naomba niingilie hapa, maana asali ndiyo inayoumiza watu kuliko maji.

Kanuni ya "kilo ndiyo lita" ni ya maji peke yake. Asali iliyokomaa ni nzito: lita 1 ina kilo 1.42 hivi. Kwa hiyo:

Kilo 1 ya asali ni mililita 704 tu. Chupa ya mililita 500 ikijaa ina gramu 710. Ndoo ya lita 20 ina kilo 28.4. Debe la bati, kilo 25.8.

Sasa fikiria mnunuzi anayekuja kijijini na ndoo ya lita 20, analipa "kilo 20" kwa bei ya kilo. Kila ndoo anaondoka na kilo 8.4 bila kulipa. Hakuna aliyeiba kwa mkono, hesabu ndiyo imeiba. Na upande wa pili, mlaji wa mjini anauziwa chupa ya mililita 500 kwa bei ya "nusu lita", halafu analalamika kwamba nusu kilo ya duka jingine ni rahisi. Nusu kilo ni mililita 352. Hajalinganisha kitu kimoja.

Namba 1.42 ni ya asali yenye maji asilimia 17. Ikiwa na maji asilimia 20, ambao ndio ukomo wa kiwango cha kimataifa cha Codex, inashuka hadi 1.40 hivi. Ndoo ya lita 20 ikisoma chini ya kilo 28 kwenye mizani na imejaa kweli, jiulize mara mbili: ama ina povu na hewa, ama imevunwa mbichi, ama imeongezwa maji. Iache itulie siku mbili povu lipande, liondoe, ndipo upime.

#8 DukaJumla_Kigoma

Safi sana. Mafuta ya kula yanakwenda kinyume chake. Ni mepesi kuliko maji: lita 1 ni kilo 0.92 kwa alizeti, mawese yanakaribia hapo hapo yakiwa ya moto na kuyeyuka. Dumu la lita 20 ni kilo 18.4. Mtu akikuuzia "dumu la kilo 20" na lina lita 20, amekuongezea kilo 1.6 za maneno.

Rejareja mtego uko kwenye neno "robo". Robo lita ni mililita 250. Robo kilo ya mafuta ni mililita 272. Mteja akisema "nipimie robo" na kwenye kibao umeandika bei ya kilo, kikombe cha mililita 250 kinamdhulumu kila siku. Andika bei ya lita, upime kwa lita, basi.

Mawese yakiganda asubuhi usipime kwa kikombe. Yanaacha mapengo ya hewa ndani, na yanayogandia ukutani mwa kikombe hayatoki. Yapashe moto kidogo kwanza, au uza kwa mizani.

#9 MamaMaziwa

Na maziwa jamani msiyasahau. Lita 1 ya maziwa ya ng'ombe ni kilo 1.03. Mfugaji anapeleka lita 20, mizani ya kituo inasoma kilo 20.6. Kilo 100 za mizani ni lita 97.1. Kwa hiyo kabla ya kugombana na karani, uliza bei iliyotangazwa ni ya kilo au ya lita. Ikiwa ni ya lita na wanapima kwa mizani, ni lazima wagawe kwa 1.03, si wizi.

Namba hiyo ndiyo inayosomwa na laktomita, kile kifaa cha kuelea cha kupimia maziwa. Ikisimama 28 maana yake ni 1.028, ya 32 ni 1.032. Ikisimama chini ya 26, maziwa yametiwa maji au yamepimwa yakiwa bado ya moto. Yaache yapoe kwanza, maana kile kifaa kimetengenezwa kwa joto lake maalumu lililoandikwa kwenye shingo.

#10 BwanaDizeli

Kwenye pipa kuna mambo matatu yanachanganywa.

La kwanza, pipa la chuma la mafuta. Ni galoni 55 za Marekani, lita 208. Waingereza waliliita pipa la galoni 44, yaani lita 200. Ni pipa lile lile. La pili, "pipa" la habari za bei ya mafuta duniani. Hilo ni galoni 42 za Marekani, lita 159, na hakuna anayekuuzia pipa la chuma la ukubwa huo. Ukisikia bei ya pipa kwenye taarifa ya habari, gawanya kwa 159 upate bei ya lita. Ukigawanya kwa 200 utaona mafuta ghafi ni rahisi kuliko yalivyo. La tatu ni pipa la plastiki la maji, hilo ni vile lilivyoandikwa.

Pipa la chuma la kawaida lina kipenyo cha ndani cha sentimita 57 na kitu, kina sentimita 85. Likisimama wima kila sentimita 1 ya kina ni lita 2.56. Chukua fimbo kavu ya mbao, itumbukize mpaka chini, soma ulowevu, zidisha. Sentimita 40 ni lita 102. Sentimita 78 ni lita 200. Likijaa kabisa linakaribia lita 218, ndiyo nafasi ya kupanuka.

Likilala, sahau kuzidisha. Hapa ndipo makarani wa stoo wanapata hasara. Pipa lililolala likiwa na kina cha robo ya kipenyo halina robo ya mafuta. Lina asilimia 19.6 tu. Kwa pipa la lita 218 ni lita 43, siyo 54.5. Kina kikiwa moja ya kumi, una asilimia 5 pekee. Nusu ndiyo nusu, na robo tatu ya kina ni asilimia 80. Matangi makubwa ya chini ya ardhi yanafuata sheria hiyo hiyo, ndiyo maana yana jedwali lake la fimbo.

Joto nalo linakula lita. Petroli hupanuka takriban sehemu 0.95 kwa elfu kwa kila nyuzi moja ya Selisiasi, dizeli 0.83. Lita 10,000 za petroli zilizopakiwa zikiwa na nyuzi 35 zikashushwa na kupoa mpaka 25 zinapungua lita 95. Hazijaibwa. Uzito wake ni ule ule.

#11 Mwanafunzi_wa_Gari

BwanaDizeli, gari zilizotoka Uingereza dashibodi inaonyesha maili kwa galoni. Nageuzaje?

#12 BwanaDizeli

Ya Uingereza zidisha kwa 0.354 upate kilometa kwa lita. Ya Marekani zidisha kwa 0.425. Maili 40 kwa galoni ya Uingereza ni kilometa 14.2 kwa lita. Maili 40 za Marekani ni kilometa 17. Kwa hiyo mtu akisifia gari mtandaoni kwa "40", uliza yuko nchi gani kabla hujatoa hela. Ukitaka lita kwa kilometa 100, gawanya: 282 kwa namba ya Uingereza, 235 kwa namba ya Marekani.

#13 ShambaDarasa

Naweka la dawa za shamba, maana hapa kosa linachoma mimea au linaacha wadudu hai.

Kipimo cha "wakia 1 kwa galoni" hakihitaji kugeuzwa mara mbili. Ni uwiano. Marekani ni 1 kwa 128, kwa hiyo ni mililita 7.8 kwa lita. Uingereza ni 1 kwa 160, kwa hiyo ni mililita 6.25 kwa lita. Kwa pampu ya mgongoni ya lita 16 inatoka namba nzuri kabisa: Marekani mililita 125, Uingereza mililita 100. Pampu ya lita 20: mililita 156 na 125. Pampu ya lita 15: 117 na 94.

Angalia tofauti, robo nzima. Anayeweka kipimo cha Marekani kwenye dawa iliyoandikwa kwa kipimo cha Uingereza amezidisha dozi kwa asilimia 25. Kwa dawa ya magugu hiyo inatosha kuunguza ncha za majani ya mahindi machanga.

Makosa mengine ninayoyaona kila msimu kwa wakulima:

Kizibo. Kizibo cha chupa hii si sawa na kizibo cha chupa ile, na dawa nzito inabaki imegandia ndani. Tumia bomba la sindano la mililita 10 au 20, liwe la dawa tu, lisirudi nyumbani. Namba "cc" kwenye bomba ni mililita, hakuna cha kugeuza.

Kijiko. Kijiko cha chai cha kipimo ni mililita 5, cha chakula ni 15. Vijiko vya mezani havikutengenezwa kwa kipimo hicho, na Australia kijiko cha chakula ni 20. Kwa dawa, ya mmea au ya mtoto, kijiko cha mezani kikae mezani.

Ndoo nusu. Ndoo inapanuka kwenda juu, kwa hiyo nusu ya kimo si nusu ya ujazo. Chukua ndoo yenye kipenyo cha ndani sentimita 25 chini na 30 juu, kimo 33. Ikijaa ni lita 19.65. Ukiijaza mpaka katikati ya kimo ni lita 8.94, na wewe ulitaka 9.83. Umepungukiwa maji asilimia 9, na dawa yako imekuwa kali zaidi kwa asilimia 10.

#14 Upishi_Wetu

Kwa wapishi nitasema kwa ufupi. Kikombe cha Marekani ni mililita 237, cha mfumo wa lita ni 250, na cha Uingereza cha zamani, nusu painti, ni 284. Mapishi yote yakiwa kwa kikombe kimoja haina shida, chapati itatoka tu, kwa sababu uwiano haubadiliki. Shida ni pale unga na maji ni kwa kikombe, lakini hamira na chumvi ni kwa kijiko, na mayai ni kwa idadi. Ukitumia kikombe cha 284 kwenye mapishi ya 237, unga umezidi asilimia 20 na hamira iko pale pale. Keki inakuwa nzito, unailaumu oveni.

#15 MwanaLamu

Mmetaja debe na galoni, na pishi na kibaba mmeviacha. Vibaba 2 ni kisaga, vibaba 4 ni pishi. Ni vipimo vya ujazo vya nafaka kwanza, ndiyo kibaba kile kinachojazwa haba na haba, lakini vina upande wa maji pia.

Kwenye fikihi (sheria za Kiislamu) pishi husimama mahali pa swaa, na kibaba mahali pa mudi, vipimo vya Kiarabu. Hadithi zinasema Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja na kuoga kwa swaa moja mpaka mudi tano. Sisi wa pwani, kwa madhehebu ya Shafi, mudi ni ratili (kipimo cha zamani cha uzito) moja na theluthi ya Baghdadi. Ikiwekwa kwenye lita inakuwa karibu 0.7, na swaa karibu 2.75. Kwa Hanafi mudi ni ratili 2, kwa hiyo vipimo vyake ni vikubwa mara moja na nusu. Anayesoma kitabu aangalie ni cha madhehebu gani kabla ya kuandika lita.

Na ndiyo sababu usigeuze pishi kwa kilo moja ya kila kitu. Pishi ya mchele na pishi ya mtama hazina uzito mmoja, kama asali na mafuta walivyoeleza wakuu hapo juu.

#16 FundiVisima

Nami naleta la visima. Kumbukumbu za visima vilivyochimbwa enzi za Mwingereza zimeandikwa galoni kwa saa. Galoni 1,000 kwa saa hapo ni lita 4,546. Majedwali ya pampu zilizotengenezwa Marekani yanaandika galoni zao kwa dakika: zidisha kwa 0.227 upate mita za ujazo kwa saa.

Hatari iko hapa. Ripoti ya mhandisi wa Kimarekani ikisema kisima kinatoa galoni 1,000 kwa saa, ni lita 3,785. Ukiisoma kwa jicho la Kiingereza ukafunga pampu ya lita 4,500, pampu inavuta kuliko kisima kinavyotoa. Maji yanashuka chini ya pampu, inazunguka kavu, mota inaungua. Ripoti isiyosema galoni ya wapi irudishe iandikwe upya kwa lita.

Tangi la mviringo lililosimama, usihangaike kutafuta kipenyo. Pitisha futi ya kamba kiunoni mwake. Mzingo kwa mita zidisha kwa wenyewe, gawanya kwa 12.57, unapata mita za ujazo kwa kila mita ya kimo. Mzingo wa mita 3.45 unatoa 0.947, yaani lita 9.5 kwa kila sentimita ya maji. Ukuta wa milimita 5 hupunguza karibu asilimia 2, toa hiyo. Na bili ya maji ikisema yuniti 1, ni mita 1 ya ujazo, lita 1,000, madumu 50.

#17 Fyekeo_Boy

Shukrani wakuu. Nina swali dogo. Lebo ya mashine ya kufyekea nyasi inasema 2.6 fl oz kwa galoni, uwiano 50:1. Nina kidumu cha lita 5. Oili kiasi gani?

#18 BwanaDizeli

Fuata uwiano, achana na galoni. 1 kwa 50 ni mililita 20 kwa lita, kwa hiyo mililita 100 kwa lita 5. Ile 2.6 ni ya galoni ya Marekani, mililita 77 kwa lita 3.785. Ukiweka hizo 77 kwenye kidumu cha lita 5 ukidhani ndiyo galoni, unakuwa 1 kwa 65. Oili haitoshi, pistoni inakwaruzika, mwishowe injini inajamu. Tia petroli nusu kidumu, tia oili mililita 100 kwa bomba la sindano au kopo lenye mistari, funga, tikisa, kisha jazia petroli mpaka mstari wa lita 5 na utikise tena. Mstari uwe umeupima kwa maji kabla, kama MpimajiTanga alivyoeleza kule #6, na kidumu kikauke kabisa ndipo petroli iingie.